Istilahi za Fasihi na Mitaa ya Eastlands: Safari ya "Ngano", "Hekaya" na "Mchongoano"

Historia ya istilahi za fasihi ya Kiswahili huelezwa aghalabu kana kwamba ni historia ya vikao. Hutajwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, hutajwa semina za waandishi, hutajwa majarida na kamusi; kisha mwanafunzi hukabidhiwa orodha ya tanzu na vipera, akaambiwa aikariri. Maelezo hayo si ya uwongo, lakini yamepunguka. Ipo angalau istilahi moja, inayofundishwa leo katika shule za sekondari za Kenya, ambayo haikutoka katika kikao chochote. Ilitoka katika mazungumzo ya vijana wa Nairobi, katika lugha ambayo chimbuko lake ni mitaa ya Eastlands. Istilahi hiyo ni mchongoano. Makala haya yanachunguza njia iliyopita hadi kuingia darasani, na pamoja nayo maneno mawili ya kale, ngano na hekaya, ambayo yalisafiri kwa kuelekea upande wa pili.

Mitaa na watoto wake

Nairobi ulianza mwaka 1899 reli ilipofika, na tangu mwanzo Mwafrika alihesabiwa mjini kuwa mpita njia. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifungua Pumwani, mashariki ya mji, ili wakazi wa vijiji vya Waafrika wahamishiwe huko. Pangani ilichelewa kubomolewa. Mwisho wake ulifika mwaka 1939, na wengi wa watu wake wakahamia Shauri Moyo. Kariokor ilichukua jina la Kikosi cha Wapagazi cha Vita vya Kwanza vya Dunia, jina la Kiingereza lililogeuzwa na ndimi za Waswahili mpaka likawa jina la mji. Muthurwa na Makongeni zikawa nyumba za wafanyakazi wa reli. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kutangulia mahali hapo: Majengo ya Pumwani ilikuwa na wenyeji Waislamu, wanawake wenye nyumba wakiwa wengi miongoni mwao, ambao Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya nyumbani, wala si lugha ya kuagizana kazi tu.

Hata hivyo mji wa wanaume wenye kupangiwa kitanda hauzai lugha ya watoto. Jambo hili halitiliwi maanani ya kutosha na wanaoandika juu ya asili ya Sheng. Ni katika miaka ya 1940, ilipojengwa Kaloleni na mitaa mingine ya aina yake, ndipo wazo la kumpa mfanyakazi Mwafrika nyumba ya kukaa na mkewe na watoto wake lilipoanza kukubaliwa. Katika miaka ya 1950 ikafuata mitaa mingine, kati yake Ofafa na Mbotela. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 familia zikaongezeka bila kizuizi, na miaka ya 1970 ikaleta Buruburu, Umoja na Dandora. Katika safu moja ya nyumba akakaa mtoto wa Mjaluo, wa Mluhya, wa Mkamba, wa Mgikuyu na wa Mswahili wa Majengo, wote wakitumia bomba moja la maji na kiwanja kimoja cha mpira. Wataalamu wanatofautiana kuhusu mwanzo wa Sheng. Wako wanaoirudisha nyuma hadi miaka ya 1930, na wengi zaidi huiweka katika miaka ya 1960 na 1970. Wanaotaja miaka ya 1930 huenda wanazungumzia msimu wa vijana wa mjini wa wakati ule; lugha ya kuchezea watoto ilihitaji kwanza watoto.

Jina la mtaa mmoja miongoni mwa hiyo linagusa moja kwa moja suala la tanzu. Mtaa wa Mbotela ulipewa jina la Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha KAU aliyeuawa mwaka 1952. Wanafunzi wa fasihi wanalijua jina hilo la Mbotela kwa sababu nyingine: James Juma Mbotela ndiye mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934, ambacho mpaka leo kinawatatiza waainishaji. Wengine hukiita riwaya ya kwanza ya Kiswahili, wengine hukiita historia, na wengine masimulizi yaliyokusanywa na kupangwa. Ugomvi huo si wa kitabu tu. Neno lenyewe riwaya lilikuwa na maana ya masimulizi au mapokezi ya habari kabla ya kufungwa katika maana ya kitabu kirefu cha kubuni. Kwa maana ile ya zamani, kitabu cha Mbotela ni riwaya bila shaka yoyote. Ni maana mpya iliyokitia mashakani.

Ngano ya dukani na ngano ya jioni

Mwanafunzi wa Eastlands wa miaka ya 1960 hakufundishwa maneno hayo. Mfumo mpya wa kufundishia kwa Kiingereza tangu madarasa ya chini ulikuwa umeenea katika shule za Nairobi, na ripoti ya Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikauunga mkono. Mtoto alisikia Kiingereza darasani, lugha ya mama nyumbani, na Kiswahili uwanjani. Hadithi alizozijua zilikuwa na majina ya nyumbani. Mgikuyu aliita rũgano, na wingi wake ng'ano. Mjaluo aliita sigana. Neno la Kiswahili ngano lilikuwapo pwani tangu zamani kwa maana ya hadithi ya mapokeo, lakini katika mitaa ya Nairobi ngano ilikuwa kwanza unga wa dukani. Walimu wengi wanajua kicheko kinachozuka darasani neno hili linapotajwa kwa mara ya kwanza kwa maana yake ya fasihi. Mgikuyu peke yake ndiye aliyekuwa na sababu ya kutocheka, maana neno la nyanya yake na neno la kitabu yalikuwa ndugu.

Mabadiliko makubwa yalianzia Chuo Kikuu. Mwezi wa Oktoba mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wao wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe na mahali pake pawekwe idara ambayo kiini chake kitakuwa fasihi ya Afrika, na fasihi simulizi ndani yake. Mwaka 1974 walimu walikutana katika shule ya Nairobi School kujadili ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika katika shule za sekondari, na baada ya muda fasihi simulizi ikaingia katika masomo ya shule. Lakini iliingia kwa Kiingereza. Vitabu vya kwanza vya kiada, kama vile vya Akivaga na Odaga na vya Nandwa na Bukenya vya mwanzoni mwa miaka ya 1980, viliandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo kizazi kizima cha Wakenya kilijifunza majina ya tanzu za bibi zao kwa lugha ambayo bibi hao hawakuijua.

Zaidi ya hayo, mkusanyaji wa fasihi simulizi wa wakati ule alielekea mashambani. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu aliyezaliwa Jericho au Bahati, likizo ikifika, alitarajiwa kubeba kinasasauti na kwenda kwa babu yake Nyanza au Murang'a. Alipita mbele ya viwanja vya mtaa wake akielekea stesheni ya mabasi bila kufikiri kwamba hapo pana kitu cha kurekodi. Si haki kumlaumu. Nadharia iliyotawala iliiona fasihi simulizi kama mali ya jadi inayokufa, na mtaa wa Eastlands haukuwa na dalili yoyote ya jadi wala ya kufa.

Kiswahili kilipochukua nafasi yake

Dar es Salaam wakati huo ilikuwa ikijenga istilahi zake. Neno fasihi, ambalo asili yake ni usafi na ufasaha wa usemi, lilithibitishwa kuwa jina la sanaa ya lugha. F. E. M. K. Senkoro alitoa kitabu chake Fasihi mwaka 1982, na msamiati wa fani na maudhui, dhamira na wahusika, muundo na mtindo ukaenea hata nje ya Tanzania. Katika jarida la Mulika mwaka 1989 M. M. Mulokozi alizipanga tanzu za fasihi simulizi katika mafungu sita: mazungumzo, masimulizi, maigizo, semi, ushairi na ngomezi. Jambo la thamani katika mpango huo ni vigezo vyake kuliko idadi ya mafungu: umbile na tabia ya kazi kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine muktadha na namna inavyowasilishwa kwa hadhira.

Kenya iliupokea urithi huo kwa haraka ya kulazimishwa. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa, na watahiniwa wa kwanza wa KCSE wakaketi mwaka 1989, mwaka ule ule wa makala ya Mulokozi. Walimu walihitaji istilahi upesi, na waandishi wa vitabu wakazitafuta walikoweza. Ndiyo sababu mwanafunzi wa Kenya hukuta mighani mahali ambapo mwenzake wa Tanzania ana visakale, na hukuta hurafa, usuli na mtanziko vikiwa vimepangwa chini ya ngano kwa namna isiyofanana kutoka kitabu hadi kitabu. Kamusi ya Fasihi ya K. W. Wamitila ya mwaka 2003 ilisaidia sana kuleta utaratibu, ingawa katika madarasa mengi orodha bado inakaririwa bila kuulizwa.

Ngomezi inatoa mfano mzuri. Istilahi hii ilikusudiwa fasihi ya ngoma, yaani midundo yenye kubeba ujumbe. Walimu wa Nairobi, ambao wanafunzi wao hawajapata kusikia ngoma ya kuitana mbugani, walipanua maana yake wakatia kengele ya shule na king'ora. Wengine hucheka upanuzi huo. Lakini yeyote aliyepanda matatu ya kwenda Kayole au Dandora anajua kwamba utingo hugonga bodi ya gari kwa idadi na mdundo maalumu, na dereva husimama au huondoka bila neno kutamkwa. Hilo liko karibu zaidi na maana ya asili ya ngomezi kuliko kengele ya umeme.

Hekaya ilikuwa na safari ya namna yake. Kitabuni ni kisa cha ujanja na cha kuchekesha, na Abunuwasi ndiye mfano wake mashuhuri. Vijana wa Nairobi walilitoa neno hilo kitabuni. Katika usemi wao hekaya ni kisa kirefu cha mambo yaliyompata msimuliaji mwenyewe, au anayodai kuwa yalimpata: safari ya usiku, mkasa wa kazini, mapenzi yaliyoharibika. Msikilizaji hudai hekaya kama zamani alivyodai hadithi. Mpaka kati ya hekaya hiyo na kile ambacho Mulokozi anakiita michapo ni mwembamba mno. Hata hivyo vijana hawakukosea walipochagua neno la Abunuwasi, kwani msimuliaji wa hekaya ya mtaani naye hujiweka katikati ya ujanja na huachia hadhira shaka ya kuamini au kutoamini.

Mchongoano: neno na mchezo

Neno mchongoano lilipanda kutoka chini. Kwanza yafaa litazamwe kisarufi, kwa kuwa wapo wanaolihesabu kuwa uharibifu wa lugha. Kitenzi chongoa ni cha Kiswahili cha kale: ni kuchonga kitu mpaka kiwe na ncha kali. Mlima wenye kilele chembamba husemwa umechongoka, na mchongoma ni mti wa miiba. Kwa vijana wa Nairobi kumchongoa mtu ni kumfanyia mzaha wenye ncha. Ukitiwa mnyambuliko wa kutendana unapatikana chongoana, na jina lake katika ngeli ya m-/mi- kwa kiishio -o ni mchongoano, kama vile mkutano, mgongano na mlingano. Hakuna kiambishi hata kimoja kilichotoka nje ya Kiswahili. Lau neno hili lingependekezwa na kamati, lingesifiwa kwa usafi wake. Kwa kuwa lilipendekezwa na watoto, lilichukua miaka mingi kuaminiwa.

Mchezo wenyewe ni wa majibizano ya watu wawili mbele ya wenzao. Mfano ufuatao umetungwa kwa kufuata kanuni yake. Wa kwanza husema: "Keja yenu ni ndogo mpaka mtu akitaka kugeuka kitandani, lazima mwenzake atoke nje." Wa pili hujibu: "Yenu je? Yenu ni ndogo mpaka jua ikiingia, nyinyi mnatoka." Sentensi ina sehemu mbili zilizounganishwa kwa neno mpaka. Sehemu ya kwanza hutaja sifa ya kawaida, ya pili huipeleka kwenye chuku isiyowezekana. Jibu hutwaa muundo ule ule na mara nyingi mada ile ile, likaongeza kimo. Hakuna mwamuzi isipokuwa kicheko.

Wengine wamehusisha mchezo huu na malumbano ya washairi wa pwani, ambako Muyaka wa Mombasa alijibizana na washairi wa Lamu katika karne ya 19, na wengine wameuhusisha na utani. Ulinganisho wa pili ndio wenye faida zaidi, maana unaonyesha tofauti. Katika utani wa jadi ruhusa ya kutaniana hutangulia maneno: ukoo fulani ni watani wa ukoo fulani, au kabila fulani la kabila fulani, na anayetukanwa msibani hana haki ya kukasirika kwa sababu uhusiano huo ni wa mababu. Katika safu za Makongeni au Maringo majirani hawakuwa na mababu wa pamoja. Hakukuwa na ruhusa ya kurithi. Maneno yenyewe yalipaswa kuja na ruhusa yake. Chuku ndiyo inayotoa ruhusa hiyo. Tusi likiwa haliwezekani kuwa kweli, ni mchezo. Likikaribia ukweli, mchezo umekwisha na ngumi zinaanza. Wachezaji hodari hujua kwamba mtoto ambaye baba yake amefutwa kazi wiki hiyo hachongolewi kwa njaa.

Kuna jambo jingine linaloonekana tu mtu akizikumbuka nyumba zenyewe. Nyumba za Baraza la Jiji katika mtaa mmoja zilijengwa kwa kipimo kimoja. Anayeucheka udogo wa chumba cha mwenzake anatoka katika chumba cha ukubwa ule ule, kilichotengwa na hicho kwa ukuta mmoja. Wasikilizaji wote wanalijua hilo. Kwa hiyo kichekesho hakimlengi aliyetajwa peke yake. Kinailenga hali ya wote, na wote wanacheka kwa sababu kila mmoja amesemewa. Uchambuzi unaoishia kusema kwamba mchongoano ni matusi ya kupunguza au kuongeza hadhi ya mtu hauwezi kueleza kwa nini mada ya nyumba, chakula na mavazi imerudiwa hivi bila kuchosha.

Mahali pake katika orodha

Mwishoni mwa karne ya 20 na mwanzoni mwa karne hii mchongoano ulianza kutajwa katika maandishi ya wataalamu, Peter Githinji akiwa miongoni mwa walioushughulikia, na vitabu vya kiada vya sekondari vikautia katika vipera vya fasihi simulizi. Kwa ufupi wake una tabia ya semi. Kwa kuwa una wachezaji, jukwaa la wazi na hadhira inayoshiriki, una tabia ya maigizo. Kwa majibizano yake ni wa mazungumzo, jirani wa malumbano ya watani. Vigezo vya Mulokozi vikitumiwa kwa ukamilifu, uzito unaelekea kwenye mazungumzo, kwa sababu kauli moja ya mchongoano ikiandikwa peke yake, bila jibu, hubaki nusu ya kitu.

Lakini kigezo kile kile cha muktadha kinaleta ugumu ambao vitabu vimeukwepa. Sheng ni sehemu ya muktadha wa mchongoano, na Sheng haikuingia darasani pamoja nao. Imelaumiwa mara kwa mara, shuleni na magazetini, kwamba ndiyo inayoangusha watahiniwa wa Kiswahili. Kitabu hufafanua kipera hiki kwa Kiswahili sanifu, kisha hutoa mifano iliyosafishwa. Mfano uliotolewa hapo juu ukisafishwa, keja itakuwa nyumba, jua ikiingia itakuwa jua likiingia, na mpaka huenda ikawa kiasi kwamba. Upatanisho wa kisarufi utakuwa umetengemaa, na mchezaji yeyote wa Kaloleni atakuwa amekwisha kushindwa kabla ya kufika mwisho wa sentensi, maana kiasi kwamba ni ndefu na inampa mpinzani nafasi ya kuvuta pumzi.

Matokeo yake yanamwangukia mtahiniwa. Mwanafunzi wa Makadara anapoulizwa katika karatasi ya fasihi aeleze sifa za mchongoano na atoe mfano, anaulizwa juu ya kitu anachokijua kuliko msahihishaji wake. Akitoa mfano kama unavyosemwa, kalamu nyekundu inaweza kupita juu ya ikiingia. Akitoa mfano wa kitabuni, atapata alama kwa kitu ambacho hakijapata kusemwa na mtu yeyote kiwanjani. Wakusanyaji wa ngano za Kigikuyu na sigana za Kijaluo walinukuu maneno ya wasimulizi kwa lugha yao, kisha wakaweka tafsiri pembeni. Hakuna aliyemsahihisha bibi. Utaratibu huo haujapata kutumiwa kwa mtoto wa Eastlands, ingawa lugha yake iko karibu zaidi na ile ya msahihishaji kuliko Kijaluo, na pengine ni ukaribu huo hasa unaomnyima heshima aliyopewa bibi.

Chege Githiora, katika kitabu chake cha mwaka 2018 juu ya Sheng, anaitazama kama lahaja ya Kiswahili inayokua nchini Kenya. Rai hiyo ikikubaliwa, mfano wenye ikiingia unakuwa data ya lahaja, na mahali pake katika karatasi ya mtihani ni baina ya alama za mnukuo, kama lilivyowekwa shairi la Kiamu au la Kimvita bila yeyote kudai kwamba lirekebishwe liwe la Kiunguja.